Jukwaa la Babu Amos

Jumamosi, 17 Agosti 1985

Msimu wa mpira umeanza na jukwaa la viti limefungwa. Wametia minyororo milangoni na kubandika karatasi ya halmashauri, imekaa pale kama tangazo la msiba. Tangu ule moto wa Bradford mwezi Mei, jukwaa la mbao lilipoungua watu wakiwa mechini na wakafa hamsini na sita, wakaguzi wanazunguka nchi nzima. Sasa wamefika hapa kwetu Thornclough.

Basi leo nimesimama. Mimi, Hilda Ormerod, mjukuu wa Amos Sharples aliyelijenga jukwaa lile kwa mikono yake, nimesimama kwenye ngazi za saruji upande wa reli pamoja na mume wangu. Wilf anasimama pale tangu utotoni. Katika ndoa yetu yote hatujawahi kutazama mechi pamoja. Yeye kwake, mimi kwangu, tunakutana nyumbani kubishana kama ilikuwa penalti au la. Leo ameona taabu. Kila akitaka kumtukana refa, ananitupia jicho kwanza.

"Endelea tu," nikamwambia. "Nimefanya kazi kiwanda cha nguo. Nimesikia makubwa kuliko hayo."

"Si wewe," akasema. "Ni hawa wenzangu. Unawatia haya."

Thornclough Rovers 1, wageni 1.

Jumanne, 20 Agosti

Mvua. Nimefua koti.

Jumamosi, 31 Agosti

Kikao cha mashabiki kwenye ukumbi wa kanisa. Katibu wa klabu ametueleza hali ilivyo. Ligi inataka kila uwanja uwe na viti chini ya paa. Wametupa mpaka mwisho wa msimu. Tukiwa bado hatuna, tunashushwa daraja hata tukimaliza wa kwanza.

Derek Pilling akasimama. Derek ni muuza nyama wa Barabara ya Soko, ndiye anayetupikia pai za uwanjani, na sauti yake haihitaji kipaza sauti.

"Tatizo ni yule Bannister wa zimamoto aliyetufungia," akasema. "Mnajua anatoka wapi? Ashenworth! Toka lini mtu wa Ashenworth akautakia mema uwanja wa Rovers?"

Watu wakapiga meza. Kisha akanigeukia. "Mwenyekiti wa kamati ya kulitetea jukwaa awe Bi Hilda. Babu yake alichonga herufi za jina lake kwenye boriti zile. Nani atathubutu kutugusa?"

Nikakubali. Sisemi uongo, nilifurahi.

Jumamosi, 14 Septemba

Tumefungwa 3–0. Wilf ametukana kwa uhuru kamili. Ameshanizoea.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimezunguka mitaa na karatasi za saini. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Percy Whittam, ambaye kiti chake kiko kushoto kwa changu. Ana miaka themanini na nne, na kila mechi alikuwa akinipa peremende kipindi cha kwanza kikifika katikati. Alinikaribisha, akatia makaa, akaanza historia. Uwanja wetu, Tenter Croft, ulikuwa konde la mteremko la kutandazia vitambaa vilivyotoka kufuliwa ili maji yachuruzike, ndiyo maana umeinama. Hakuna aliyepata kuunyoosha. Mpaka leo nahodha akishinda kura ya sarafu anachagua kucheza kuteremka kwanza. Wakati wa vita ya kwanza walilisha kondoo mle. Mwaka 1934, kwenye mechi ya kombe, watu walijaa hata wengine wakapanda juu ya paa la jukwaa, na paa halikutikisika.

"Nilimwona babu yako akilijenga," akasema. "Nilikuwa mtoto. Alikuwa akigonga ubao kwa kidole, ausikilize, kisha ama auchukue ama autupe. Kama mtu anayechagua tikitimaji."

Nikamuuliza kama anakuja Jumamosi ijayo.

"Nitasimama wapi, Hilda? Miguu hii?"

"Utasimama na sisi. Wilf atakushika."

Jumatano, 6 Novemba

Jana ilikuwa siku ya fataki. Moja imetoka mtaa wa nyuma, ikatua juu ya paa la jukwaa, ikawaka kidogo, ikazimika. Derek anacheka: "Unaona? Hata fataki limeishinda." Nimeiweka kwenye barua yangu ya pili kwa gazeti. Nimemwita tena Bannister mwoga, kwa maneno mazuri.

Jumamosi, 23 Novemba

Sare. Ukungu. Hatukuliona bao letu wenyewe.

Alhamisi, 26 Desemba

Mechi ya Boxing Day, kesho yake Krismasi, sisi na mahasimu wetu Ashenworth. Mvua ya barafu imetupiga toka mwanzo mpaka mwisho. Percy alikuja. Wilf alimshika mkono mmoja, mimi mwingine, tukamweka katikati chini ya turubai ambalo Derek alituletea kutoka garini kwake. Ng'ambo ya uwanja jukwaa lilikuwa kavu, tupu, viti vimepangana vizuri. Tumeshinda 2–1. Percy alipiga kelele mpaka akaanza kukohoa, na hakuacha kukohoa.

Ijumaa, 10 Januari 1986

Percy amefariki alfajiri. Mapafu.

Alhamisi, 16 Januari

Tumemzika. Skafu ya Rovers juu ya jeneza. Tulipokuwa tukitoka makaburini Derek alinishika kiwiko.

"Karatasi ile ya halmashauri ndiyo iliyomuua," akasema. "Kiti chake kipo, paa lipo, mtu akasimamishwa kwenye barafu. Usiwaachie, Hilda."

"Siwaachii."

Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuhisi baridi.

Jumamosi, 18 Januari

Kabla ya mpira kuanza, tumekaa chini mbele ya milango ya jukwaa, wazee kwa vijana, na mabango. Gazeti limetupiga picha. Nimetoka nimefumba macho.

Jumamosi, 1 Februari

Uwanja umeganda. Hakuna mechi.

Jumamosi, 8 Februari

Umeganda.

Jumatano, 12 Februari

Asubuhi simu ililia. "Bi Ormerod? Keith Bannister, zimamoto. Umeniandika gazetini mara tatu kwamba mimi ni mwoga."

"Mara mbili."

"Basi mbili. Njoo uone ninachokiogopa."

Nilikwenda kwa kutaka kumshinda. Nilimkuta ndani ya geti, mtu mwembamba, masikio mekundu kwa baridi, ameshika tochi mbili na ovaroli ya akiba. Nilimtarajia mzee. Kumbe ni wa umri wa mtoto wetu, kama tungejaliwa mtoto.

Upande wa kaskazini wa jukwaa, pale wanapoweka rola ya kusawazishia nyasi, kuna mlango mdogo wa kupita mtu kwa kuinama. Nimeuona maisha yangu yote na sijawahi kujiuliza unaingia wapi. Unaingia chini ya viti. Tulitambaa. Juu yetu zilikuwa mbao za sakafu, na kati ya ubao na ubao mwanya wa kupita kidole, mwanga ukiingia kwa michirizi. Babu aliiacha ile mianya makusudi, ili mbao zikivimba zisisukumane. Na kwa mianya hiyo, tangu mwaka 1911, kila kilichodondoka mkononi mwa watu wa Thornclough kilishuka chini na kukaa.

Mwanzoni nilidhani ni udongo. Niliweka kiganja kikazama. Karatasi, maganda ya karanga, vikombe, pakiti za sigara ambazo baba yangu alikuwa akivuta na haziuzwi tena, gazeti lenye picha ya mazishi ya mfalme, tiketi, majani, manyoya ya njiwa. Sehemu nyingine rundo limefika karibu kugusa sakafu. Nilichukua ganda nikalifikicha likawa unga. Nje kila kitu kimeganda, theluji imefika kwenye kifundo cha mguu, na mle ndani kukavu kama majani ya chai ndani ya kopo. Miaka yote hii tone la mvua halijafika pale. Babu yangu aliezeka paa zuri sana.

"Tutafagia," nikamwambia Bannister. "Nipe watu kumi na wiki moja."

Hakubisha. Alielekeza tochi juu, kwenye boriti. "Angalia hapa. Na hapa. Na pale."

Yalikuwa madoa meusi. Mengine kama sarafu, mengine kama sahani. Nilichukua muda kuelewa. Sigara ilipita mwanyani, au kiberiti, ikaangukia takataka, ikashika, ikalamba ubao, kisha kwa sababu isiyojulikana ikafa. Nilianza kuyahesabu nikaacha. Kila doa lilikuwa moto ambao ulibadili nia, na juu yake watu walikuwa wamekaa wakiimba.

Tukasogea mpaka chini ya safu yetu. Niliijua kwa sababu ya karatasi za peremende za Percy. Zilikuwa zimejaa pale, kijani na nyeupe, miaka na miaka ya peremende. Na kwenye boriti iliyobeba kiti chake na changu niliziona zile herufi, A.S., alizozichonga babu. Doa jeusi lilikuwa limezifikia. Mguu wa A ulikuwa umeungua.

Nilipitisha kidole juu yake. Kisha nikasema, kwa sauti ambayo sikuipenda, "Watu wangetoka. Ukuta wa mbele ni mfupi, mtu anaruka tu."

"Wewe ungeruka," akasema. "Milango ya nyuma hufungwa mpira ukianza, wasije wakaingia wasiolipa. Mbao zimepakwa rangi juu ya rangi, na paa lina lami. Upepo ukitoka bondeni, moto hautembei, Bi Ormerod, unaruka. Wanabaki na ukuta wa mbele peke yake. Wazee wenu wangeruka?"

Nilimwona Percy na miguu yake.

"Ulikwenda Bradford?" nikamuuliza.

"Nilipelekwa kesho yake." Akageuka, akaanza kutambaa kurudi mlangoni.

Tulipotoka nje alinipangusa vumbi mgongoni, kama mtu anayempangusa mama yake. "Ni kweli mimi ni mtu wa Ashenworth," akasema. "Jukwaa lao nililifunga Novemba. Baba yangu ana tiketi ya msimu pale tangu vita. Haongei na mimi."

Alhamisi, 13 Februari

Sikuandika barua kwa gazeti.

Jumamosi, 15 Februari

Umeganda. Derek ameniuliza kwa nini nimekuwa kimya. Nimesema mafua.

Jumapili, 23 Februari

Nimemwambia Wilf wakati wa chakula cha mchana. Alisikiliza mpaka mwisho huku nyama ikipoa.

"Kwa hiyo utawaambia," akasema.

"Wakilikosa jukwaa, wanashushwa daraja. Watasema mimi ndiye niliyewashusha."

"Watasema."

"Na Percy? Nilisimama kaburini nikasema sitawaachia."

Alimega mkate akachovya kwenye mchuzi. "Percy alikuwa akikaa juu ya kile kitu, Hilda. Na wewe ulikuwa umekaa naye. Mimi ng'ambo nawatazama kila Jumamosi, nimekunywa bia yangu, sina habari." Akainuka, akaenda uani akakaa muda mrefu kwenye banda la njiwa.

Jumamosi, 1 Machi

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Walikuja wakitarajia niwatangazie maandamano ya kwenda ofisi za halmashauri. Niliwaeleza nilichokiona, kuanzia mlango mdogo mpaka herufi za babu. Sikupamba. Nilipomaliza, Derek akasimama taratibu.

"Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu. Wamenionyesha."

"Kitu gani? Takataka! Kila nyumba ina takataka. Tutafagia!"

"Nami nilisema hivyohivyo, Derek. Tukifagia, mbao zinabaki. Mbao zenyewe ndizo kuni."

"Miaka sabini na kitu halijaungua!"

"Limeungua. Mara nyingi tu. Halikufika mbali, basi."

Uso wake ulikuwa umeiva. "Percy Whittam alikufa kwa baridi kwa ajili ya karatasi ile. Tumemzika juzi. Na wewe, wewe uliyemshika mkono, unatuambia karatasi ilikuwa sawa?"

"Percy alikuwa na mapafu yenye vumbi la kiwandani, Derek. Ulimjua."

"Nilimjua. Ndiyo maana nasema."

Watu wakaanza kupiga kelele. Mmoja akasema nimenunuliwa, mwingine akasema uzee umenipanda kichwani. Hapo ndipo Wilf aliposimama. Wilf hajawahi kusema neno kwenye kikao tangu nimfahamu.

"Mke wangu hajapata kukubali kosa nyumbani kwangu hata siku moja," akasema. "Muulizeni yeyote mnayemtaka. Akikubali hapa mbele yenu, basi mjue ni kweli."

Wachache wakacheka. Haikutosha. Nilisema atakayetaka kuona, Bannister yuko tayari kumwingiza, kisha nikajiuzulu uenyekiti kabla hawajaniondoa. Tulirudi kwa miguu. Wilf alinishika mkono, jambo ambalo hatufanyi barabarani.

Jumamosi, 8 Machi

Theluji imeyeyuka, mechi zimerudi. Nilisimamia birika la chai la uwanjani, kama kawaida yangu kabla ya mechi. Watu walipita wakaenda kununua kwa yule kijana wa geti la pili, ambaye chai yake ni maji ya kuoshea vyombo.

Jumamosi, 22 Machi

Sisi tuliofanya kazi viwandani tulijifunza kusoma midomo, kwa sababu kelele za mashine hazikuruhusu kusikilizana. Leo niliona midomo ya Derek kutoka ng'ambo ya uwanja. Alikuwa akimwambia mtu: "Mjukuu wa Amos amemzika Amos mara ya pili."

Ni afadhali angenipigia kelele.

Jumatatu, 31 Machi

Jumatatu ya Pasaka. Watu saba tu wameshakwenda kuona chini ya jukwaa, mmoja wao kasisi. Wote saba wamekuja kunywa chai kwangu. Hawasemi mengi. Mmoja alirudi kuongeza sukari mara tatu ili asiondoke.

Alhamisi, 17 Aprili

Wakurugenzi wamepiga kura. Jukwaa linabomolewa. Ligi nayo imethibitisha: msimu ujao tuko daraja la chini. Katibu alisoma mambo yote mawili kwa sauti ileile.

Ijumaa, 18 Aprili

Mtu amepaka rangi nyeusi kwenye mlango wetu. Neno moja. Wilf ameufuta alfajiri, akidhani nimelala na sijaliona.

Jumamosi, 3 Mei

Mechi ya mwisho. Tumeshinda 4–0, tumemaliza wa sita, na tunashuka. Wachezaji walizunguka uwanja kupiga makofi. Walipofika mbele ya jukwaa tupu walisita, hawakujua wampigie nani.

Jumamosi, 24 Mei

Tumeanza kulibomoa wenyewe, na mafundi wawili wa kusimamia. Viti vizima watu wanachukua nyumbani. Nilifikiri nitalia, lakini kazi ya kung'oa misumari haikupi nafasi. Boriti yenye herufi za babu, fundi aliniuliza kama naitaka. Nikasema aiweke na nyingine.

Derek alikuja na wanawe, akafungua viti vya familia yake, akaondoka. Hakunitazama. Lakini alikuja.

Jumamosi, 31 Mei

Leo wamechoma mbao zilizobaki, za paa kwa za sakafu, pamoja na yote yaliyofukuliwa chini. Zimamoto walichagua kiwanja kitupu nyuma ya reli, wakaweka rundo kwenye saruji, mipira ya maji tayari. Ilikuwa mchana, jua hafifu, upepo kidogo wa bondeni. Nusu ya mji ilikuja, kwa kuwa huku kwetu watu huenda kutazama chochote kikiondoka. Watoto walikuwa na barafu za kulamba. Nilileta birika.

Derek alikuwepo na mama yake, bibi Edith, ambaye hutembea kwa fimbo mbili. Miaka yote walikaa juu kabisa, safu ya mwisho, kwa sababu bibi Edith anapenda kuona kona zote nne.

Bannister aliwasha kwa karatasi moja, upande mmoja, akarudi nyuma. Ilitoka sauti kama mtu anayevuta pumzi. Nilikuwa nimemimina chai ya kasisi, nimeshika kijiko cha sukari. Nilipoinua macho moto ulikuwa umefika ng'ambo ya rundo. Haukupanda polepole kama moto wa jikoni, ulipita tu, na joto likatusukuma sote nyuma kwa pamoja, tukakanyagana. Mtoto mmoja aliangusha barafu yake. Lami ilikuwa ikidondoka huku inawaka. Kijiko bado kilikuwa mkononi mwangu, na sukari ndani yake.

Derek alikuwa amemshika mama yake mabegani, amemrudisha nyuma kwa nguvu hata fimbo moja ikaanguka. Aliitazama. Hakuiokota. Kisha yule mtu wa sauti kubwa akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo:

"Mama, kutoka kwenye kiti chako mpaka ukuta wa mbele, kulikuwa na ngazi ngapi?"

"Sijui, mwanangu," bibi Edith akasema. "Sikuwahi kuhesabu. Nilikuwa natazama mpira."

Jumapili, 1 Juni

Asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Derek, amevaa koti la kanisani, ameshika pai imefungwa kwa taulo. Alinikabidhi. Hakuomba radhi, nami sikumngoja aombe.

"Karakana ya mabasi ya Ashenworth inavunjwa," akasema, macho kwenye viatu vyake. "Kuna paa la chuma pale. Refu. Bannister ndiye aliyenidokeza. Nafikiri linaweza kutosha safu sita za viti, labda saba. Lakini mimi sijui kupima. Babu yangu alikuwa muuza nyama."

"Gari liko wapi?"

"Hapo nje."

Nikaingia ndani kuchukua koti.